Kijani Hakiguswi

Huku kwetu Oberlinden tunasema Bi Wessling alistaafu kazi, ila kazi yenyewe haijapewa taarifa. Miaka thelathini na tisa alikaa kaunta namba nne ya ofisi ya wageni, ile inayotoa kadi za ukaazi, na katika miaka yote hiyo alichelewa mara moja tu, siku aliyofiwa na mumewe. Hata siku hiyo alileta barua.

Siku ya kumuaga, wenzake walimpa shada la maua, kikapu cha jibini na kalamu moja ya wino wa kijani. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, maana kila mtu pale alijua kwamba kwenye ofisi zetu kila rangi ya wino ina mwenyewe. Karani ana buluu. Naibu ana nyekundu. Kijani ni cha Mkuu wa ofisi peke yake, na karani anayethubutu kukitumia huonekana kama mtu aliyejikalisha kwenye kiti cha bwana harusi. Utani wenyewe ulimlenga yeye hasa, kwa sababu Bi Wessling ndiye aliyekuwa akiwafundisha vijana wapya sheria hiyo kwa miaka na miaka.

"Mkiona kijani kwenye faili mnafanya nini?" alikuwa akiwauliza.

"Hatugusi!"

"Mpaka lini?"

"Mpaka Mkuu aseme!"

Alicheka siku hiyo kama wengine, akashukuru, akaitia kalamu kwenye mkoba. Alipofika nyumbani akaketi mezani, akaifungua, akaandika jina lake kamili mara tatu nyuma ya bahasha. Hapo ndipo alipoharibika. Tangu siku ile hakushika kalamu nyingine. Orodha ya sokoni iliandikwa kijani, vibandiko vya chupa za jemu vikawa vya kijani, hata kadi za rambirambi zilitoka nyumbani kwake zikiwa na saini ya kijani, na wafiwa wakanyamaza kwa heshima. Nyumbani kwake sasa yeye ndiye Mkuu, na nani angembishia?

Kilele cha utawala wake kilikuwa tangazo lililobandikwa juu ya mashine ya kufulia, chini kabisa ya nyumba: *Mpangaji hufua Jumanne, saa mbili hadi saa sita mchana. Si siku nyingine.* Kama unaijua ofisi ya wageni utatambua saa hizo mara moja. Ndizo saa inazofungua milango kwa wasio na miadi. Bi Wessling alizihamishia kwenye mashine bila hata kujua, jinsi mtu anavyoondoka na ufunguo wa kazini mfukoni.

Mpangaji mwenyewe aliitwa Ketevan, au Keti kwa wanaopenda kufupisha. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita kutoka Kutaisi, Georgia, mwenye sauti nzito na mdomo usiokopesha. Alikuja kusoma uhandisi wa maji kwa ule mtindo wetu wa nusu darasani, nusu kazini: wiki anakaa chuoni, wiki anashinda kwenye kiwanda cha pampu, na kila mwezi mshahara wake unakatwa hiki na kile, pamoja na bima ya kukosa ajira. Miaka mitatu alikatwa na hakulalamika. Halafu mwezi wa sita kiwanda kikafungwa, yeye akiwa amebakiza tasnifu ya mwisho tu, na mwezi uleule kadi yake ya ukaazi ikaisha muda.

Akaenda ofisi ya kazi kudai fao lake. Walimpokea vizuri.

"Haki unayo," akaambiwa. "Miaka mitatu umechangia, hakuna wa kukunyima. Ila fao ni la mtu anayeweza kuanza kazi kesho asubuhi, na kadi yako imekwisha. Tuletee hati ya muda kutoka ofisi ya wageni, inayosema unasubiri kadi mpya na ruhusa ya kufanya kazi bado unayo. Mwisho ni Jumanne, tarehe ishirini na tisa Septemba, saa sita mchana. Baada ya hapo tunafunga dai."

Na dai likifungwa, Keti asingekuwa na cha kuionyesha ofisi ya wageni kwamba ana namna ya kujikimu, na kadi mpya asingeipata kabisa. Safari ya Kutaisi ingemngoja, akiwa na miaka mitatu ya masomo na mkono mtupu. Kwa hiyo maisha yake yote yaliningʼinia kwenye hati ya ukurasa mmoja, ambayo karani akiamua huichapa kwa dakika tano.

Ofisi ya wageni nayo ilimdai karatasi moja tu, barua ya mwenye nyumba kuthibitisha kwamba kweli anaishi pale. Bi Wessling aliiandika jioni hiyohiyo. Aliipiga kwa mashine, akaipima pambizo kwa rula, na chini akatia saini yake ndefu, yenye mkia. Keti akaipeleka katikati ya Julai. Karani akaitazama, akamtazama yeye, akaitazama tena, akasema kwa adabu ya ajabu, "Ngoja barua."

Akangoja. Wiki ya kwanza, ya tatu, ya sita. Kila Jumanne asubuhi alikwenda kuchukua namba na kuketi kwenye viti vya plastiki, na kila Jumanne alirudi na jibu lilelile: faili liko mahali pake. Na kwa kuwa Jumanne ndiyo siku ya mashine, Keti alifua nguo zake kwenye karai bafuni muda wote huo, shuka pia. Bi Wessling aliona maji yakichuruzika ngazini, akaweka kitambaa.

"Bi Wessling," Keti alimwambia siku moja mwezi wa nane, wakinywa kahawa saa tisa na keki ya plamu, "wewe uliwahi kukaa pale. Huwezi kuwauliza kuna nini?"

"Kuna nini wapi?"

"Kwenye faili langu."

"Binti, faili halina nini. Faili lina zamu."

"Zamu gani ya wiki sita?"

"Wapo waliongoja zaidi na hawakufa." Bi Wessling akamkatia kipande kingine cha keki, maana hakuwa mtu mbaya. "Ofisi ikinyamaza ujue inafanya kazi. Ukiona inaongea sana, hapo ndipo uogope."

Keti akala keki. Kisha akasema, "Kwetu ofisi ikinyamaza, tunajua karani kaenda harusini."

Bi Wessling hakucheka. Aliamini alichosema, na ndilo jambo linalonikera mimi ninayesimulia. Angekuwa mnafiki tungemsamehe mapema. Kumbe kwa dhati kabisa aliona kungoja ni kitu kizuri kinachomjenga mtu, kama kuoga maji baridi, na yeye mwenyewe hakuwahi kungojea kitu chochote ofisini maishani mwake. Alikuwa upande wa pili wa kaunta.

Septemba ikayoyoma. Jumapili ya tarehe ishirini na saba, Bi Wessling alipanda juu kupeleka taulo, akakuta sanduku la safari liko wazi kitandani na Keti anapanga vitabu chini ya sweta.

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu. Keshokutwa saa sita dai linafungwa. Najipunguzia pilikapilika tu."

Bi Wessling akasimama na taulo zake. Chumba kile kilikaa kitupu miaka minane kabla ya Keti, na nyumba nzima ilikuwa kimya kama siku ya Jumapili, wiki nzima.

"Jumanne nakwenda na wewe," akasema. "Nikakuonyeshe namna ofisi inavyosemeshwa."

Jumanne ile akavaa koti la buluu la kazini na viatu vya kisigino kifupi. Walipofika, Bi Wessling akaupita mstari wote kwa mwendo wa mwenye nyumba, akaenda moja kwa moja kwenye mlango mdogo wa wafanyakazi, akashika kitasa. Kitasa kikagoma. Akakitikisa. Mlinzi akaja.

"Mama, namba zinatolewa kule."

"Mimi ni Wessling."

"Hata Wessling anachukua namba."

Watu kwenye viti wakacheka. Keti alikwisha kuchukua namba, themanini na saba, na ubao ulikuwa unaonyesha kumi na mbili. Wakaketi. Bi Wessling hakuwahi kujua kwamba viti vile vina ukingo unaokata paja. Hakujua kwamba ukiwa umeketi pale huoni uso wa karani, unaona kikombe chake tu. Saa tatu akasema vijana wa siku hizi ni wazito. Saa nne akanyamaza. Saa tano kasorobo akataka kwenda chooni, Keti akamshika mkono.

"Usiende. Wakikuita haupo, unaanza upya."

"Nani kaweka sheria hiyo?"

"Sijui. Ipo pale ukutani, imesainiwa W."

Bi Wessling akabana magoti.

Saa tano na dakika ishirini namba themanini na saba ikaitwa, kaunta namba nne. Aliyeketi hapo alikuwa Malte Brandis, kijana wake mwenyewe, mwanafunzi wake wa mwisho, sasa ana upara na miwani. Alipomwona alisimama wima.

"Bi Wessling! Umetutembelea!"

"Sijakutembelea, Malte. Nimeketi pale kwa saa tatu nzima. Faili la huyu binti liko wapi?"

Malte akainamia kompyuta, sura ikambadilika. Akashusha sauti. "Lile. Lile liko kwa Mkuu."

"Mkuu analifanyia nini?"

"Hatujui. Ameandika ndani yake."

"Ameandika nini?"

"Hatujasoma. Ni kijani."

Bi Wessling akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mwalimu aliyejibiwa vizuri. "Umesikia?" akamgeukia Keti. "Mkuu mwenyewe. Jambo lako ni kubwa. Basi muulizeni Mkuu."

"Yuko mapumziko ya matibabu, kwenye chemchemi za maji ya moto," Malte akasema. "Anarudi mwezi ujao. Na kusema kweli hata kabla hajaenda hakuna aliyethubutu kumuuliza. Ukimuuliza Mkuu kuhusu kijani chake ni kama unamwambia kasahau."

"Wiki kumi na moja!" Keti akapiga kaunta kwa kiganja. "Wiki kumi na moja hakuna hata mmoja aliyefungua akasoma? Mnaogopa rangi? Nyie ni watu wazima au kuku?"

"Dada, tafadhali..."

"Faili ni langu au si langu? Nina haki ya kuliona. Lilete."

Haki hiyo alikuwa nayo kweli, na Malte alijua. Akaenda nyuma, kwenye rafu ya yanayosubiri, akarudi na rundo zima mikononi kwa sababu la Keti lilikuwa chini kabisa. Akayashusha kaunta, akaanza kuyahamisha moja moja. Bi Wessling akayaangalia yakipita. Juu ya la tatu, lililofifia rangi kwa jua la dirishani, akaona maandishi ya buluu anayoyajua vizuri: *Inakosekana karatasi moja. Asubiri.* Na herufi mbili za jina lake. Tarehe ilikuwa ya mwaka mmoja kabla hajastaafu.

"Huyu bado anasubiri?" akauliza.

"Siwezi kukwambia mambo ya mtu, Bi Wessling. Wewe sasa ni raia wa kawaida." Malte akaliweka kando. Kisha, bila kumtazama, akaongeza, "Aliacha kuja."

Bi Wessling akajaribu kukumbuka ni karatasi gani iliyokosekana. Hakukumbuka. Hata sura ya mtu hakuikumbuka.

Malte akalifungua faili la Keti, akaligeuza kuelekea kwake, na kidole chake akakiweka mbali, asije akagusa. "Hiyo hapo."

Ilikuwa barua ya mwenye nyumba. Pambizo zimepimwa kwa rula. Na chini yake, ndefu, ya kijani kibichi, yenye mkia, saini.

Keti akaisoma, akainua macho polepole, akamtazama mwenye nyumba wake. Malte naye akaisogelea kwa mara ya kwanza, akapangusa miwani, akasoma jina.

"Sisi tulidhani..." akaanza.

"Mlidhani sawasawa," Bi Wessling akasema. Uso ulikuwa umemwiva. "Ndivyo nilivyowafundisha."

"Wiki kumi na moja," Keti akasema taratibu, na utaratibu huo ulikuwa mbaya kuliko kile kiganja. "Nimefua shuka kwenye karai. Nimemwambia mama yangu nafukuzwa. Kwa sababu wewe ulipewa kalamu ya utani ukaiamini."

Aibu ilimwingia Bi Wessling mpaka kwenye vidole vya miguu. Ukutani ilikuwa saa tano na dakika thelathini na nane.

"Malte, chapa hati."

"Siwezi. Faili lina kijani."

"Kijani ni changu!"

"Ni kijani hata kama ni chako, Bi Wessling. Kompyuta inaniuliza: je, kuna neno la Mkuu? Nimejaza ndiyo. Ili niseme hapana lazima kiwe kimefutwa kihalali." Akavuta droo, akatoa kijitabu cha mwongozo kilichochakaa, akalamba kidole, akafunua. "Ukurasa wa kumi na nne. *Kijani hufutwa kwa kijani, na mkono uleule ulioandika.*"

"Mjinga gani kaandika huu upuuzi?" Keti akauliza.

"Mimi," akasema Bi Wessling.

Akafungua mkoba. Kalamu ilikuwa pale, kama kawaida, katikati ya miwani na leso. Malte akaiona, akatoa macho.

"Raia haruhusiwi kuandika ndani ya faili," akanongʼona.

"Malte. Mvua inanyesha nje?"

Malte akafikiri. Kisha akageuza kiti, akatazama dirishani kwa makini ya mtu aliyelipwa kutazama. "Sioni vizuri," akasema. "Ngoja niangalie tena."

Bi Wessling akapiga mstari mmoja wa kijani juu ya jina lake mwenyewe, toka herufi ya kwanza hadi mwisho wa mkia. Halafu akaomba kalamu ya buluu, akasaini chini yake kwa herufi ndogo, bila mkia. Malte akageuka, akashangaa kwa sauti kwamba mambo yako sawa, akabonyeza, na mashine ikaitema hati. Dakika tano, kama tulivyosema. Muhuri ukagonga.

Keti hakuaga. Ofisi ya kazi iko ngʼambo ya uwanja wa soko, na alikatiza katikati ya meza za viazi na alizeti, hati kaishika kwa meno ili avute mlango kwa mikono miwili. Alifika saa sita kasoro dakika nne. Mle ndani karani alikuwa ameshaanza kuvaa koti.

Aliporudi alimkuta Bi Wessling kwenye benchi la uwanjani, mkoba magotini.

"Wamepokea?"

"Wamepokea. Naanza kulipwa, na tasnifu namaliza."

Bi Wessling akashusha pumzi. Machozi yalikuwa karibu, akayazuia kwa kurekebisha kola. Sasa inabidi nieleze kwamba huku kwetu jina la kwanza la mtu mzima halichukuliwi, hutolewa. Heidrun lilikuwa jina la marehemu mumewe kumwita, na la dada yake aliye kaskazini. Ofisini, miaka thelathini na tisa, hakumpa mtu.

"Ketevan," akasema. "Nakuomba radhi. Na ukipenda, niite Heidrun."

Keti akamtazama, bado anahema. Kisha akajinyoosha, akakunja mikono kifuani, akasema kwa sauti ya kaunta namba nne:

"Ombi lako limepokelewa, Bi Wessling. Ngoja barua."

Wakarudi nyumbani pamoja na wala hawakununiana. Kahawa ilinywewa saa tisa. Lakini kuanzia kesho yake Bi Wessling alishuka kwenye sanduku la barua asubuhi, akashuka tena mchana, na jioni akalitikisa kidogo. Alijiambia ni utani tu. Wiki ya pili akaanza kulala vibaya. Wiki ya tatu akamuuliza Keti kuna nini, akajibiwa kwamba ombi liko mahali pake. Akaelewa barabara, na hakuuliza tena.

Barua ilifika Novemba, na stempu yake, imepita posta kuu na kurudi kwenye nyumba ileile. Ilisema: *Ombi lako limeangaliwa. Kuna kizuizi kimoja. Kiko juu ya mashine ya kufulia.*

Bi Wessling aliisoma amesimama ngazini, koti bado mwilini. Akashuka chini kabisa, akatia ukucha kwenye kona ya tangazo, akalibandua. Liligoma kidogo pale kwenye gundi, kisha likatoka lote. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi.

Akasikia miguu juu, halafu mlango, halafu ile sauti nzito ikiteremka ngazi nzima:

"Heidrun! Sabuni ya kufulia ipo, au nikanunue?"

"Ipo," akajibu. Akafungua mlango wa mashine.